Fimbo Tatu Kabla ya Salamu

Mei 7
Mvua 2.4. Huenda ndiyo ya mwisho.

"Daftari hili ni la mvua, si la umbea." Ndivyo marehemu mume wangu Emilian Mughwai alivyoandika kwenye jalada la daftari la kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, watu wa hali ya hewa walipomkabidhi kipimo na kumwambia akisome kila siku saa tatu asubuhi. Alipofariki nikaendelea mimi. Mwaka huu umbea utaingia, anisamehe, maana nina hasira na sina pa kuimwaga.

Baada ya kusoma kipimo nilipanda Jiwe la Ihembe kuangalia kiwanja changu cha kupuria uwele. Nikakuta wametoboa jiwe. Katikati kabisa ya kiwanja kuna kigingi cha zege, kichwa chekundu, kimeandikwa BK 14. Mama mkwe wangu alipafagia pale miaka arobaini, na mimi thelathini na moja. Hatujawahi kuacha hata ganda la karanga.

Nilimkuta mtendaji wetu wa kijiji, Godfrey, ofisini anakunywa chai. Akasimama. "Shikamoo mama." Sikuitika. Nikamuuliza nani katoboa jiwe. Akasema, "Mama Luciana, kaa kwanza." Mtu akikwambia ukae kwanza, habari si nzuri.

Habari ni hii. Halmashauri ilijenga ofisi mpya, ghorofa mbili, vioo vya bluu, na mkandarasi hajamaliziwa pesa yake mpaka leo. Pesa hamna. Mkandarasi kasema basi, nipeni lile jiwe kubwa miaka thelathini na tatu, tusameheane. Atazungusha ukuta, atajenga hoteli juu, na upande wenye michoro, ile ya watu wekundu na wanyama pofu ambayo hata babu zetu waliikuta, ataweka geti. Tutaingia kwa tiketi.

"Wananchi watapata punguzo," Godfrey akasema, kama mtu aliyeniletea zawadi.

Barua ameibandika ubaoni. Inasema jiwe ni "eneo lisilo na mmiliki wala matumizi." Mwenye pingamizi apeleke ushahidi. Kamati kutoka mkoani itakuja Juni 28 kuangalia kwa macho, na Julai 4 madiwani watapiga kura.

Mei 8
0.0. Bado nina hasira.

Mei 11
0.0. Upepo.

Nimekaa nikajiuliza, hao waliosema jiwe halina matumizi walikuja lini? Godfrey kaniambia: Februari. Nani anapura Februari? Februari uwele uko magotini. Ni sawa na kwenda kanisani Jumanne, ukakuta pamefungwa, ukatangaza kuwa watu wa hapa hawana dini.

Akija mtu asiyejua akasoma hapa, aelewe. Jiwe la Ihembe ni pana kuliko viwanja vitatu vya mpira, na mgongo wake umelala kama mkeka. Kila nyumba ina kiwanja chake pale juu, mkwe anakipokea kwa mama mkwe. Hakuna mpaka uliochorwa, ila kila mwanamke anajua fimbo yake inaishia wapi na ya jirani inaanzia wapi. Hupandi na viatu. Na ukikuta watu wanapura, huwasalimii wala hawakusalimii, hata uwe padri au shehe, mpaka uchukue fimbo upige mara tatu. Ukishapiga ndipo wewe ni mtu, unapewa shikamoo yako na kibuyu cha togwa.

Mei 15
0.0. Mbuzi wa jirani yangu Simeoni wamelala tena kwenye uzio wa kipimo. Nimewafukuza. Wakarudi.

Mei 19
0.0.

Leo mkutano wa kijiji. Diwani wetu Stanley alikuja na shati jeupe na sauti yake ya sabuni. Nilimpikia uji huyu akiwa darasa la pili, wakati nikiwa mpishi wa shule, na alikuwa anaomba kuongezewa kwa sauti hiyo hiyo.

Wanawake tukasimama mmoja mmoja tukasema jiwe ni la kupuria tangu enzi. Stanley akatusikiliza, hakubisha. Kisha akasema, "Mama zangu, nawaheshimu. Naomba kitu kimoja tu. Waliopura jiweni mwaka jana wanyooshe mikono."

Nilinyoosha wangu haraka. Nikageuka. Mikono minne. Mkutano mzima, watu mia tatu na zaidi, mikono minne, na mmoja ni wa bibi Magreth ambaye haoni vizuri, nadhani alidhani wanagawa kitu.

Wengine waliangalia chini. Wote wanapeleka uwele kwa mashine ya Joyce kule barabarani. Unafika na masuke asubuhi, mchana unarudi na gunia. Nani atapiga fimbo siku tatu?

Stanley hakucheka. Angecheka ningejua la kumfanya. Alisema tu, "Basi mnaelewa nilipo." Akaondoka.

Nimerudi nyumbani nikimlaani Joyce njia nzima. Joyce ni wifi yangu, dada yake Emilian tumbo moja. Alirudi kutoka Nduguti ndoa ilipomshinda, mwaka uliofuata akanunua mashine na trekta la kuiburuta, akalilaza jiwe letu. Mkandarasi kaja kumalizia tu. Hivyo ndivyo ninavyoona leo, na naandika nilivyoona.

Mei 20
0.0.

Nimetoa madaftari yote ya Emilian sandukuni, nitafute ushahidi. Yapo. Kila mwaka, mwezi wa sita au wa saba, pembeni ya sifuri zake: "Leo wameanza kupura." Hakuna neno jingine, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wake uliolala kama majani ya upepo. Nikafurahi nikasema kwisha habari yao.

Kisha nikafungua la miaka miwili iliyopita, lenye mwandiko wangu. Juni 30, nimeandika kwa kalamu iliyokandamizwa mpaka karatasi imetoboka: "Jiwe limelala tupu. Hakuna hata mmoja. Wote kwa Joyce, na mimi naumwa mgongo." Niliandika kwa hasira. Lakini ni kweli.

Nikaushika ukurasa ule nikauvuta kidogo. Uzi wa daftari umelegea, ungetoka bila kelele. Nikauacha. Sijui kwa nini. Nadhani kwa sababu mume wangu hakuwahi kuongeza hata nusu milimita, hata mwaka ule wa njaa ambapo mwenyekiti alimwomba apunguze ili tupate chakula cha msaada.

Halafu nikakuta kingine. Miaka tisa nyuma, Julai 2, mwandiko wake: "0.0. Leo Joyce kaondoka jiweni analia. Ningesema neno. Sikusema."

Mtu wa si-la-umbea. Nimekaa na daftari mapajani mpaka uji ukaungua.

Mei 21
0.0. Sitaki kuandika.

Mei 25
Mvua 11.6. Mwezi wa tano unaisha na mvua inanyesha. Haijawahi tangu daftari lianze. Wengine wanashukuru. Mimi nimeangalia uwele wangu, bado una maziwa. Mvua hii itauchelewesha zaidi.

Mei 28
0.0. Baridi.

Juni 1
0.0. Kweleakwelea wameingia. Tumeshinda shambani kuanzia alfajiri, tunapiga madebe na kuzungusha kombeo. Simeoni amepoteza sauti. Mbuzi wake wako kwenye uzio wangu na hana sauti ya kuwaita.

Juni 2
0.0. Ndege.

Juni 3
0.0. Ndege.

Juni 6
0.0.

Godfrey alinifuata shambani mwenyewe, amevaa viatu vya ofisini kwenye matuta. Kamati imebadilishiwa tarehe. Inakuja Juni 14, siku nane kutoka leo.

"Nani kabadilisha?"

"Mama, mimi naletewa barua tu."

Nikachukua suke moja nikalisugua kiganjani mbele yake. Likatoa maji meupe. Nikamwambia, "Unaona? Huu unaiva tarehe ishirini na tano. Kamati itakuja kuona jiwe kama walivyoliona Februari. Mtu aliyebadilisha tarehe anajua uwele unaiva lini." Godfrey akaangalia maji yale muda mrefu. Ni kijana mwoga, nimemsema sana, lakini leo alisema kitu. Alisema, "Mama Luciana, uwele wa watu wa barabarani, wa bonde la kuelekea Ihanja, umeshakatwa. Walipanda mapema. Masuke yao yako uani kwa Joyce, yanasubiri mashine. Ni mengi." Akageuka akaondoka na vumbi lake viatuni, hakusubiri jibu.

Juni 7
0.0. Nimefikiri.

Juni 8
0.0. Nimefikiri tena. Mgongo.

Juni 9
0.0.

Nimekwenda.

Ua wa Joyce uko kando ya lami. Masuke ya uwele yamerundikwa kufikia paa, na ile mashine iko katikati, turubai limefunuliwa nusu. Alikuwa anapaka grisi. Hakuinuka.

"Hodi."

"Karibu wifi. Umeleta alizeti?"

"Sijaleta kitu."

"Basi umepotea njia."

Nikakaa kwenye gunia bila kukaribishwa. Nikamweleza yote, kamati, tarehe, barua. Anajua, kila mtu anajua. Nikamwambia ninachotaka: azime mashine mpaka tarehe kumi na nne, na masuke haya yote yapandishwe jiweni yapurwe kwa mkono.

Akacheka. Si cheko la furaha. "Haya ni ya wateja wangu. Nikizima mashine siku tano katikati ya mavuno, wanahamia kwa mwingine, na hawarudi. Umefikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Na mimi nitapura wapi, wifi? Kila mtu ana kiwanja. Mimi nina kiwanja?"

Hapo ndipo nilipokuwa naogopa kufika tangu Mei 20, na tukafika.

Niandike wazi. Miaka tisa iliyopita Joyce alipanda jiweni na mzigo wa masuke kichwani, akautua kwenye kiwanja cha mama yake mzazi, kile ambacho mimi mkwe nilikuwa nimekipokea. Mbele ya wanawake wote nikamwambia, "Binti akiolewa hupura kwa mumewe." Ni mila, sikuitunga mimi. Lakini hakuwa tena na mume, na mimi nilijua. Nilikuwa na nafasi ya fimbo mbili na nikasema nina ya moja. Akajitwisha mzigo wake akashuka. Kaka yake alikuwa amesimama chini ya jiwe anashika punda, hakusema neno.

Nikatoa daftari kwenye kikapu, nikalifungua Julai 2, nikampa. Joyce akafuta grisi mikononi kwanza, kidole kimoja kimoja, ndipo akalipokea. Alisoma mstari ule nadhani mara ishirini. Kisha akanijibu kwa Kinyaturu, maneno ambayo siyaandiki, ila yalikuwa ya haki.

Nilimwambia, "Nilikukosea. Njoo ukae pangu."

"Sitaki kukaa pako."

Nikajua nimeshindwa, nikaanza kuinuka.

"Nataka kukaa pa mama," akasema. "Ukiniambia ni pa mama, nakuja. Ukiniambia ni pako na unanikaribisha, nabaki na mashine yangu."

Ni mahali pale pale, mwamba ule ule. Lakini nilichukua muda kujibu, na naandika hivyo ili nisijisifu baadaye. Nikamwambia, "Ni pa mama. Wewe kushoto, mimi kulia."

Akavuta turubai, akaifunika mashine mpaka magurudumu.

Juni 10
0.0. Joyce kaenda mwenyewe nyumba kwa nyumba kwa wateja wake, akawaambia mashine imezimwa, uwele wao utapurwa jiweni bure, na wakitaka waje wapige. Wawili walichukua masuke yao wakaondoka kwa hasira. Wengine wote wakasema haya.

Juni 11
0.0. Trekta la Joyce limebeba masuke mpaka chini ya jiwe. Kutoka hapo ni kichwani. Nimehesabu safari zangu tisa, kisha nikaacha.

Juni 12
0.0. Tumefagia jiwe. Wanawake ambao hawajapanda miaka mingi walitembea pale juu wakiangalia chini, kama watu waliodondosha sindano. Felista wa kwa Lazaro alisimama sehemu moja, akarudi hatua mbili, akasema, "Hapa." Jirani yake akasema, "Sogea kidogo, hapo ni kwangu." Wakabishana robo saa. Sijawahi kufurahi kusikia watu wakigombana.

Juni 13
0.0. Mawingu. Mungu, leo na kesho tu.

Juni 14
0.0. Nilishuka kusoma kipimo saa tatu kamili, nikakimbia kurudi jiweni na madaftari kikapuni.

Tulianza jua lilipochomoza. Kwanza fimbo zilipishana ovyo, mikono imesahau. Kisha bibi Magreth, asiyeona vizuri, akaanza kuimba wimbo wa kupuria, na ile sauti yake ya mbuzi ikatupanga. Upande huu unapiga, upande ule unainua. Sikuwahi kuona jiwe limejaa hivi hata nikiwa mkwe mpya. Wanaume wakapepeta, kitu ambacho si kazi yao, na makapi yakaenda na upepo mpaka barabarani. Joyce alikuwa kushoto kwangu. Fimbo yake ilikuwa ya mama yake, mimi ndiye niliyekuwa nayo. Nilimpa asubuhi.

Kamati ilifika saa tano, magari matatu. Mwenyekiti wao ni mzee mmoja mnene wa taratibu, anaitwa Nathanaeli, alikuwa bwana ardhi kabla hajastaafu. Yuko Enock, msimamizi wa kampuni ya mkandarasi, viatu vyenye ncha. Yuko Stanley. Yuko Godfrey mbele anawaongoza.

Walisimama ukingoni mwa jiwe. Watu mia nne na hakuna aliyegeuka. Fimbo juu, fimbo chini. Enock akasema kwa sauti, "Habari za kazi, kina mama." Hakuna aliyeitika. Akarudia. Akamgeukia Godfrey: "Hawa vipi, wamegoma?"

Na Godfrey, yule yule mwoga wa kaa-kwanza, akainama akafungua kamba za viatu vyake, akaviweka pembeni. "Hapana mzee. Hapa husalimiwi mpaka upige fimbo tatu. Na viatu vinabaki hapo." Akaja akachukua fimbo, akapiga tatu, na karibu amvunje Felista kidole. Felista akaacha kupiga, akamwambia, "Hujambo mwanangu." Akapewa togwa.

Nilikuwa namwangalia mzee Nathanaeli. Alivua kiatu kimoja, akashika bega la dereva, akavua cha pili. Soksi akazikunja akaziweka ndani. Akatembea kwenye jiwe la moto kwa vidole, mzee mzima, mpaka kwangu. Akanyoosha mkono. Nikampa fimbo yangu. Alipiga ya kwanza vibaya. Ya pili ikakaa. Ya tatu ikaingia sawa na wimbo, masuke yakaruka, na akaendelea, nne, tano, sita, mpaka shati likalowa. Alipoacha, wanawake wote wa karibu wakasema kwa pamoja, "Shikamoo mzee." Akaitikia huku anahema.

Stanley alipiga tatu za mtu anayefukuza nzi. Lakini alipiga. Enock hakuvua viatu. Alishinda ukingoni mpaka mwisho, na hakuna mtu aliyempa hata maji. Si ukatili. Hakuwepo.

Kisha maswali. Mzee Nathanaeli akakaa kwenye gunia. "Uwele huu ni wa nani? Nimepita mashamba yenu, bado ni mbichi."

Nikajibu, "Wa watu wa barabarani, mzee. Wetu utaiva tarehe ishirini na tano."

Enock akapaza sauti kule ukingoni: "Si nilisema? Ni maigizo. Wana mashine ya kupuria, hawatumii jiwe. Waulizwe."

Joyce akaweka fimbo chini. "Mashine ni yangu mimi," akasema. "Iko uani, ni nzima, nimeizima. Miaka nane nimepura kwa mashine kwa sababu nilidhani hapa sina mahali. Hapa ulipokaa mzee ni pa mama yangu. Ungekuja tarehe uliyosema mwanzo, usingetukuta na uwele wa watu. Ungetukuta na wetu."

Mzee akanigeukia. "Kuna maandishi?"

Nikampa madaftari kumi na tisa. Akavaa miwani. Alisoma mwaka baada ya mwaka, "Leo wameanza kupura," kwa sauti, na kila mwaka watu walikuwa wanaitikia kama kanisani. Enock akavumilia, akashindwa, akaita kutoka ukingoni, "Na la miaka miwili iliyopita?" Sijui nani alimwambia. Kijijini hakuna siri.

Mzee akalifungua. Akakuta ukurasa uliotoboka. Akausoma kimoyomoyo, kisha akaniangalia juu ya miwani. "Mama, umeandika wewe? 'Jiwe limelala tupu. Hakuna hata mmoja.'"

"Nimeandika mimi."

"Unajua maana yake?"

"Najua. Nilishika ukurasa huo niung'oe, nikauacha. Mwaka ule hatukupura. Mzee, aliyekuandikia mwaka ambao hatukupura ndiye anayekwambia miaka mingine tulipura. Ukiliamini daftari kwa huo mmoja, liamini kwa yote."

Alifunga daftari kwa mikono miwili. Akasema, "Nimefanya kazi ya ardhi miaka thelathini na nne. Watu wote waliowahi kuniletea ushahidi waliniletea unaowapendeza." Akasimama, akaniomba fimbo tena.

Juni 15
0.0. Mwili wote unauma. Mikono haishiki kalamu.

Juni 22
0.0. Wateja wanne wa Joyce wamehamia kwa mashine nyingine. Nilikwenda kumpa pole. Akaniambia, "Watarudi, yule mwenzangu hajui kuweka ungo wa mashine." Tulikula pamoja. Ugali wake ni mgumu kama wa kaka yake.

Juni 26
0.0. Nimesugua suke kiganjani. Umeiva.

Julai 4
0.0.

Tulikwenda halmashauri, watu hamsini kwenye tela la Joyce, tumejifunika khanga kwa vumbi. Jengo lenyewe ni zuri, sikatai. Vioo vya bluu vinakuonyesha ulivyochafuka. Tulikaa nyuma ukumbini, na walinzi wakatuambia tusipige kelele.

Taarifa ya kamati ilisomwa. Ilikuwa ndefu, na mimi nilishika sentensi moja: "Kamati imekuta matumizi, na imeyashiriki." Madiwani wakacheka. Sisi hatukucheka.

Stanley akaomba kusema. Nikamshika Joyce mkono, nikajua sabuni inakuja. Alisema, "Mimi ndiye niliyewaambia wanyooshe mikono, nikahesabu minne. Nikajiona nimeshinda hoja. Wiki tatu zilizopita nimehesabu mia nne. Deni ni letu, tulikopa sisi, tukajenga vioo sisi. Tulipe sisi. Hatuwezi kumlipa mkandarasi kwa kitu ambacho hatukukijenga." Akakaa. Hakuwa na sauti ya sabuni hata kidogo.

Kumi na saba walikataa jiwe litolewe. Watano walikubali. Wawili walikwenda msalani wakati wa kura na kurudi baadaye wakiuliza imekuwaje. Mkandarasi atalipwa kwa awamu kutoka mapato ya halmashauri, miaka sita. Jiwe la Ihembe limeandikwa kwenye kitabu cha kijiji: mahali pa kupuria, pamoja na michoro yake, halikodishwi wala halitolewi bila mkutano mkuu wa kijiji.

Mlinzi alitukumbusha tusipige kelele. Bibi Magreth akapiga kigelegele palepale kiti cha nyuma, na ukumbi mzima ukajaa. Mlinzi naye alikuwa anacheka. Nimelia mbele za watu, mimi Luciana, na sikuficha uso.

Tuliporudi njiani gizagiza limeanza, watu wa Ihanja walikuwa barabarani wanapunga mikono, habari imeshatutangulia. Tela zima lilikuwa linaimba wimbo wa kupuria. Trekta la Joyce halijui kwenda taratibu, lakini leo lilijua.

Julai 5
0.0. Upepo mzuri wa kupepeta.

Asubuhi Joyce alikuja na nyundo kubwa na mnyororo. Kigingi BK 14 kilitoka kwa kuvutwa mara mbili. Nimekiweka nyumbani kinazuia mlango wa banda la kuku, kazi ambayo kinaiweza. Shimo tumeliziba kwa udongo wa kichuguu ili nafaka isipotelee humo.

Kisha tukaleta uwele wetu, wa kwetu sisi, ulioiva. Watu walikuwa wengi kuliko Juni 14. Mila inasema mwenye kiwanja anapiga fimbo ya kwanza. Nikasubiri kushoto kwangu pasikike. Pakasikika.

Magunia kumi na moja, yake na yangu pamoja. Hatukuyatenganisha.

Jioni tulikaa chini ya jiwe kwenye kivuli, mbuzi wa Simeoni wametuzunguka wanaokota. Nikatoa daftari niandike mstari wa Emilian, ule wa kila mwaka. Nikaanza, nikaacha. Nikampa Joyce kalamu nikamwambia mstari wa mwaka huu ni wake. Akasema hajui kuandika vizuri. Nikamwambia kaka yake naye mwandiko ulikuwa unalala. Akaniuliza kama aandike na habari za mashine. Nikasema aandike anachotaka, daftari limeshazoea umbea.

Akaandika hivi, kwa herufi kubwa:

LEO TUMEANZA KUPURA. MIMI JOYCE MUGHWAI NIMEPURA MAHALI PA MAMA YANGU.